Hilux Vigo 2.5 D4D, kilomita 280,000, taa ya oili inapepesa: nibaki 15W-40 au nipande 20W-50?

#1 Mzigo_wa_Njombe
Wakuu salaam. Gari ni Hilux Vigo ya 2010, injini 2KD-FTV yenye tabo, haina DPF (chujio la masizi kwenye ekzosi). Kazi yake ni kubeba mzigo wa tani moja kasoro, Njombe na Dar. Oili ni 15W-40 API CI-4 (daraja la ubora la oili ya dizeli), inamwagwa kila kilomita 5,000 pamoja na filta.

Ikimaliza kupanda mlima wa Kitonga na mzigo, ukisimama ukaiacha sailensi (inaunguruma bila kukanyaga), taa ya oili inapepesa. Ukikanyaga kidogo inazima. Asubuhi injini ikiwa ya baridi haipepesi kabisa. Fundi mmoja anasema injini imechoka, weka 20W-50 ikaze. Mwingine anasema 20W-50 itaua tabo kwa baridi ya Njombe. Naomba majibu yenye sababu. "Mimi natumia hii na sijawahi pata shida" sitaki.

#2 TairiLaKipara
20W-50, ulale usingizi. Injini ikizeeka nafasi zinaongezeka, oili nyepesi inapita tu kama maji kwenye chujio la nazi. Hiyo W ni weight, uzito. 20 ni nzito kuliko 15, 50 ni nzito kuliko 40. Hesabu ya darasa la pili.

#3 Bi_Spana
#2 umeanza na kosa. W si uzito, ni majira ya baridi, winter ya Wazungu. Namba ya kabla ya W inapimwa kwenye baridi kali: 15W inapimwa ukinzani wa kuzungushwa na stata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, 10W nyuzi 25 chini ya sifuri, 5W nyuzi 30 chini ya sifuri. Namba ya pili ndiyo mnato wa injini ikiwa moto, unapimwa kwenye nyuzi 100:

30: kuanzia 9.3 hadi chini ya 12.5 cSt (kipimo cha mnato)
40: 12.5 hadi chini ya 16.3
50: 16.3 hadi chini ya 21.9

Kwa hiyo Njombe ikiwa nyuzi 5 asubuhi, hata 20W itawaka. Hoja si kuwaka. Hoja ni sekunde ngapi oili inachukua kufika juu kwenye kemshafti na kwenye beringi za tabo.

#4 TairiLaKipara
Mwalimu, nimenyoosha mkono, naomba kutoka nje.

Lakini hujajibu. 50 ikiwa moto ni nzito kuliko 40, ndiyo au hapana? Ndiyo. Basi taa itazima. Nilichosema kimesimama.

#5 SampuKavu
Taa itazima, hapo #4 yuko sawa. Tatizo ni kwamba atakuwa amezima taa tu.

Tuweke hesabu. Oili ya 15W-40 ya kawaida ina kama 110 cSt kwenye nyuzi 40 na 14.5 kwenye nyuzi 100. Kwenye mlima na mzigo oili ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) inaweza kufika 120, hapo inabaki kama 9.3. 20W-50 kwenye joto hilohilo inabaki kama 11.5. Umeongeza karibu robo. Sasa, swichi za taa za Toyota nyingi zinawaka presha ikishuka kati ya baa 0.2 na 0.5. Injini nzima haifiki hapo kwa sababu ya tofauti ya robo. Ikiwa 15W-40 safi inagusa taa, kuna kitu kimeshapoteza presha nyingi zaidi ya hiyo robo. Kitafute.

Kitu kingine. Oili ya 40 ikipanda hadi nyuzi 112 ina mnato uleule wa oili ya 30 kwenye nyuzi 100. Ukipunguza joto la injini kwa nyuzi 12 umepata faida sawa na kupanda daraja zima. Angalia feni klachi na uoshe rejeta kwanza, tope la barabara ya shamba linaziba mapezi kuanzia chini.

#6 Komon_Reli
Hapa hakuna suala la namba za oili hata kidogo. Ni 2KD, ni washa za nozeli. Nishangae ukurasa mzima bila mtu kuitaja.

Kwa wasiojua: kwenye 1KD na 2KD nozeli zimekaa chini ya kava ya tapeti (kifuniko cha juu ya injini). Washa ya shaba iliyo chini ya nozeli ikianza kuvuja, moto wa mwako unapanda kandokando ya nozeli na kuingia ndani ya kava, yaani ndani ya oili. Ile kaboni inakuwa kama lami, inateremka hadi sampu, inaziba wavu wa bomba la kunyonyea. Pampu inanyonya kwa shida. Wavu ukizibwa nusu, oili ya baridi asubuhi bado inaonyesha presha kwa sababu ni nzito na beringi haziachii sana. Ikipata moto ndipo taa inapepesa. Ukiweka 20W-50 kwenye wavu ulioziba ni kama kumpa mtu uji mzito anywe kwa mrija uliobanwa.

Ukaguzi bila kufungua sampu: mwaga oili, toa nati ya chini kwa spana 14, ingiza kamera ndogo ya waya kwenye tundu, geuza kichwa chake kutafuta wavu. Zile kamera za kuunganisha kwenye simu zinatosha. Ukiona makombo meusi yameganda kwenye wavu, shusha sampu ya chini.

#7 Mzigo_wa_Njombe
Asante #5 na #6. Kuongeza: ukifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, kuna moshi kiasi unatoka na harufu kali. Oili ina weusi wa wino ndani ya kilomita 300 tu baada ya kumwagwa.

#8 Komon_Reli
Umeshajijibu. Weusi wa haraka pamoja na moshi kifunikoni ni washa.

#9 Bi_Spana
Si lazima, #8, usimfungulie injini kwa simu. Dizeli yoyote yenye kilomita 280,000 oili yake inageuka nyeusi haraka, na CI-4 ina visafishaji vingi, inasomba masizi ya zamani. Moshi kifunikoni unaweza kuwa wa ringi za pistoni. Kutofautisha: vua kava ya tapeti. Kama washa inavuja utakuta gamba gumu jeusi limezunguka shina la nozeli moja au mbili, wakati nyingine ni safi. Kama ni ringi, weusi unakuwa sawasawa kila mahali na hakuna gamba. Ndipo upime kompresheni.

#10 Kirinyaga_Rd
Salamu kutoka Nairobi. #6 amesahau kosa linaloua injini nyingi zaidi ya washa yenyewe: mekanika anabadilisha washa, anafunga, anaacha wavu wa sampu bila kuusafisha. Kaboni ya miaka mitatu bado imo. Wiki mbili baadaye beringi za konrodi zinagonga, lawama inaenda kwa oili.

Na akifungua sampu, anairudisha kwa silikoni iliyopakwa kama siagi kwenye mkate. Inayobinywa ndani inakatika na kwenda kulekule kwenye wavu. Uzi wa milimita 3, pande zote za matundu ya bolti, basi. Acha ikauke kadiri pakiti inavyosema kabla ya kujaza oili.

#11 TairiLaKipara
Kwa hiyo nimemwambia mtu anunue galoni ya oili, nyie mmefika kushusha sampu na kuvua kava. Uzi huu una gharama.

#12 GejiYaPresha
Mnabishana gizani. Hakuna hata mmoja aliyetaja kupima.

Toa swichi ya taa, funga geji ya mkono mahali pake. Pasha injini kwa kuendesha nusu saa, si kwa kusimama. Soma sailensi, kisha soma kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Kiwango cha chini cha vitabu vya Toyota za dizeli za zamani, 5L na 1KZ, ni kPa 29 sailensi na kuanzia kPa 245 kwa 3,000. Kwa 2KD anza na hizo, halafu thibitisha kwenye kitabu cha injini yako. Majibu yanasomeka hivi:

Geji iko juu ya 29 sailensi lakini taa inapepesa: swichi ni mbovu. Badilisha swichi, funga uzi.

Sailensi iko chini, 3,000 iko vizuri: beringi zimelika, au oili imekuwa nyepesi.

Sailensi si mbaya, lakini 3,000 haipandi au sindano inatetemeka: pampu inanyonya hewa au wavu umeziba. Hapo #6 ana haki.

Geji nyingi za Kariakoo huja na kiungo chenye uzi wa 1/8 NPT.

#13 SampuKavu
Post nzuri, ila hapo mwisho mtu ataharibu bloku. Swichi za Toyota ni 1/8 BSPT, si NPT. NPT ina meno 27 kwa inchi, BSPT 28. Zinafanana, zinaingia raundi moja mbili bila shida, halafu zinabana. Fundi anadhani ni kubana kwa kawaida, anaongeza nguvu, anakata uzi. Nunua kiungo cha kubadilisha. Ukizungusha kwa mkono usipofika raundi tatu, simama.

#14 TairiLaKipara
Sasa naelewa kwa nini #12 anataka "kufunga uzi". Ulikuwa wa NPT.

#15 GejiYaPresha
😂 Sawa, #13 yuko sahihi. Ndivyo nilivyotaka kumalizia, vidole vikakimbia.

#16 Dizeli_Chungu
Mmesahau dizeli kuingia kwenye oili. Bomba la marejesho la nozeli kwenye KD liko ndani ya kava pia. Washa zake zikivuja, dizeli inadondokea moja kwa moja kwenye oili. Asilimia 5 tu inatosha kuishusha 40 hadi mpakani mwa 30. Dalili: kijiti cha oili kinaonyesha kiwango kikipanda badala ya kushuka. Gari ya umri huu inapaswa kula oili kidogo. Ikiwa baada ya kilomita 5,000 kiwango kiko palepale au juu zaidi, usifurahi.

Jaribio la bei ya bure: dondosha tone moja la oili ya moto kwenye karatasi nyeupe ya kunyonya, iache saa kadhaa. Katikati patakuwa peusi, hiyo ni masizi. Ukiona pete pana angavu ya mafuta imezunguka nje na inazidi kutanuka, kuna dizeli. Si maabara, lakini inaonyesha pa kuelekea.

Na ukivua nozeli, kila moja irudi silinda yake. Zina namba za urekebishaji zilizoandikwa kwenye kompyuta ya injini. Ukizichanganya, injini itatetemeka sailensi na utaanza kuwinda ugonjwa mpya.

#17 Mzigo_wa_Njombe
Kiwango kinashuka kama nusu lita kwa kilomita 5,000. Kwa hiyo #16 tumwondoe?

#18 Dizeli_Chungu
Hapana. Inaweza kula lita moja na kurudishiwa nusu ya dizeli. Fanya la karatasi.

#19 Mnato
Narudi kwenye swali lenyewe maana kichwa cha uzi ni oili. Kuna watu watakuja hapa kupitia utafutaji, na gari zao ni nzima.

Kitabu cha Hilux ya KD kwa masoko ya kwetu kina mchoro wa mishale kwa hali ya hewa, si namba moja. 5W-30 ndiyo wanayoipa nafasi ya kwanza, na kuna 10W-30, 15W-40 na 20W-50 kwa nchi za joto. Pia Toyota huandika kwamba oili yenye mnato mkubwa inaweza kufaa zaidi gari likienda kasi sana au likibeba mzigo mzito. Kwa hiyo anayesema "Toyota wamekataza 20W-50" anakosea, na anayesema "5W-30 ni ya petroli tu" anakosea vilevile.

Mimi kwa kazi ya #1 ningechagua 10W-40 sintetiki nusu yenye CI-4. Njombe asubuhi inafika kwenye tabo mapema kuliko 15W, na ikiwa moto bado ni 40.

#20 SampuKavu
Mkuu #19, hapo kuna mtego ambao wauzaji hawausemi. Namba 40 si moja. Kuna kipimo cha mnato kwenye joto la 150 na msuguano mkali, kinaitwa HTHS, ndicho kinachofanana na hali ndani ya beringi. Kwa 10W-40 kiwango cha chini ni 3.5. Kwa 15W-40 ni 3.7, sawa na cha 50. Zote zimeandikwa 40 kwenye kopo! Kwa gari la mzigo ningebaki 15W-40.

Pia kadiri pengo la namba mbili linavyokuwa pana, ndivyo viongezeo vya polima vinavyotumika zaidi, na hivyo vinakatikakatika kwenye gia za pampu. 40 ya leo inaweza kuwa 30 baada ya kilomita 4,000.

#21 Mnato
Hizo ni sakafu, si vipimo halisi. 10W-40 nzuri ya dizeli nzito ina HTHS karibu 4. Omba karatasi ya data ya oili husika, usisome namba ya kopo peke yake. Na sintetiki inahitaji polima chache kuliko madini kufikia pengo lilelile, kwa hiyo hoja yako ya pili inategemea kilichomo ndani.

#22 SampuKavu
Karatasi ya data ya oili inayouzwa Makambako kwa pipa?

#23 Bi_Spana
Hapo #22 ameua.

Kuhusu herufi: C ni ya dizeli, S ni ya petroli. Kopo lenye "SN" peke yake lisiingie kwenye 2KD hata kama limeandikwa 15W-40. Visafishaji vya masizi havitoshi. CF-4 iliyo kwenye kitabu cha zamani API wameshaistaafisha, CH-4, CI-4 na CK-4 zinachukua nafasi yake bila tatizo. FA-4 msiiguse, hiyo ni ya injini mpya za malori yaliyotengenezewa mnato mdogo.

Kiasi: lita 6.9 pamoja na filta kwa KD ya Hilux. Galoni ya lita 5 na makopo mawili ya lita moja, unabakiza kidogo. Mimina 6.5, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, ndipo umalizie kwa kusoma kijiti. Wengine wanamimina 7.5 "kwa sababu ya mlima". Oili ikizidi, kranki inaipiga povu, na povu halina presha. Angalia na hilo pia, #1.

#24 PikiPikapu
Naomba kudandia. Hii inahusu na Hilux ya Revo? Kuna moja ya kutoka Japani, 2.4.

#25 Mnato
Hapana kabisa. Hilux iliyorudi kuuzwa Japani mwaka 2017 ina injini ya 2GD yenye DPF. Hiyo inataka oili ya majivu machache, ya kiwango cha JASO DL-1 au ACEA C2, 0W-30 au 5W-30. Ukiweka CI-4, majivu ya visafishaji yanabaki kwenye DPF na hayaungui kamwe. Masizi yanaungua, majivu hapana. Kiasi ni lita 7.5.

#26 Kirinyaga_Rd
Na kwa mwenye Ranger ya 2.2 au 3.2 anayesoma: usimwage oili ukaenda kunywa chai. Mwaga, badilisha filta, jaza ndani ya dakika kumi hivi. Pampu ya ile injini ikikauka inashindwa kuvuta tena, na ukiwasha inaenda bila presha. Ule mtindo wa kuacha idondoke usiku kucha "itoke yote" umeua 3.2 nyingi. Hapo namba ya oili haina msaada wowote.

#27 TairiLaKipara
Sasa huo ndio ushauri. Mfupi, una maiti.

#28 GejiYaPresha
Oili feki nayo imo kwenye orodha. Muhuri uliopasuka si ushahidi pekee, siku hizi wanafunga vizuri. Makopo mawili ya toleo moja yawe na rangi na harufu moja. Weka vichupa viwili vyenye kiasi sawa kwenye barafu pamoja na oili unayoiamini, vigeuze pamoja, tazama mapovu yanapanda kwa kasi gani. Ile "15W-40" inayokimbia kama maji ni oili iliyochujwa upya bila viongezeo. Jaribio hili halisemi lolote kuhusu visafishaji, ni mnato tu.

#29 Mzigo_wa_Njombe
Nimepata kiungo cha BSPT na geji. Asubuhi, injini ya baridi: kPa 400 na zaidi. Baada ya safari ya nusu saa na mzigo: sailensi kPa 25, mizunguko 3,000 kPa 230, sindano inatetemeka kidogo. Karatasi ina pete, lakini si pana.

#30 Komon_Reli
Sindano inatetemeka. Wavu. Nimemaliza.

#31 Bi_Spana
25 na 230, zote ziko chini kidogo tu ya kiwango. Wavu ulioziba kweli ungeangusha ile ya 3,000 zaidi. Mimi naona beringi kubwa zimeanza kulika, na pete ya karatasi inachangia. Kata filta ya zamani kwa msumeno wa bati wenye meno madogo, usafishe chengachenga za msumeno, kunjua karatasi yake. Ukiona unga unaong'aa wa rangi ya shaba au fedha, ni beringi.

#32 Dizeli_Chungu
Pete si pana lakini ipo. Mnasoma geji, mnaruka karatasi. Mwaga oili, jaza mpya ileile 15W-40, pima siku hiyohiyo ikiwa moto. Ikirudi juu ya 29 na 245, ni dizeli. Gharama yake ni oili ambayo ungeibadilisha hata hivyo.

#33 SampuKavu
Naunga mkono #32 kwa mpangilio, si kwa jibu. Na ukishaimwaga, kabla ya kujaza, ingiza kamera ya #6 kwenye tundu. Kazi mbili kwa kumwaga mara moja.

#34 TairiLaKipara
Au 20W-50.

#35 PikiPikapu
Swali la mwisho kutoka kwangu. Giaboksi inatumia 75W-90. Kama 90 ni nzito hivyo na gia zinapona, kwa nini injini isipewe?

#36 Mnato
Mizani ni tofauti. Oili za gia zina jedwali lao. 90 ya gia inaanzia 13.5 cSt kwenye nyuzi 100, yaani ni jirani wa 40 na 50 za injini. Namba zimewekwa mbali ili watu wasichanganye makopo, na wanachanganya hivyohivyo.

#37 TairiLaKipara
Kwa hiyo hata 90 si nzito? Nimeishiwa.

#38 Kirinyaga_Rd
#1, ukishusha hiyo sampu piga picha ya wavu kabla ya kuuosha. Kuna watu wawili hapa wanadaiana.